Mwaka wa Saba na Simu Ileile

Fundi alizipasha moto kingo za simu yangu kwa dakika chache, akapenyeza kadi nyembamba ya plastiki kati ya kioo na fremu, akaizungusha taratibu mpaka gundi ikaachia. Akafungua skrubu kadhaa ndogo sana, akavuta kitu cheusi, chepesi, chembamba kama daftari la kurasa chache, akakiweka kwenye kiganja changu.

"Hii ndiyo iliyokuwa inakusumbua," akasema. "Simu yenyewe ni nzima."

Simu ile ilikuwa na miaka minne, na kwa miezi mitatu nilikuwa nimeshaamini kwamba imekufa. Asubuhi nikiitoa kwenye chaji ina asilimia 100. Saa nne naitazama, imebaki 41. Ilikuwa inajizima ikiwa na asilimia 30, hasa nikifungua kamera. Nikiandika ujumbe inastaki, herufi zinatokea moja moja. Dada yangu alishaniambia zaidi ya mara moja, "Mdogo wangu, miaka minne inatosha, nunua nyingine upumzike." Nami nilishaanza kuchagua nyingine. Betri mpya ilipoingia, simu ikarudi kuwa ile niliyoitoa kwenye boksi. Mwaka huu inatimiza miaka saba, na nusu ya makala hii nimeiandikia humo.

Naamini watu wengi wako pale nilipokuwa siku ile kabla ya kuingia kwa fundi. Wanaitupa simu nzima kwa ugonjwa wa kiungo kimoja, tena kiungo ambacho aliyekitengeneza alijua tangu mwanzo kwamba kitaisha. Betri iko kwenye simu kama utambi ulivyo kwenye taa, kazi yake ni kuliwa. Tunaweza kuichelewesha isiishe haraka, na sehemu kubwa ya makala hii ni kuhusu hilo, lakini siku yake ikifika anayetakiwa kuondoka ni yeye, taa ibaki.

Nilimuuliza fundi simu inawezaje kuzima ikiwa bado ina karibu theluthi ya chaji. Jibu lake ndilo lililonifanya nianze kusoma. Betri inapozeeka hupata hasara mbili. Ya kwanza tunaijua wote, kwamba inabeba chaji kidogo kuliko zamani. Ya pili haionekani: ukinzani wa ndani unaongezeka, umeme uliomo unashindwa kutoka kwa kasi inayotakiwa. Fikiria mtungi ambao licha ya kuwa umepungua ujazo, shingo yake nayo imeziba nusu. Ukichota kidogo kidogo utadhani hauna shida. Ukifungua kamera, prosesa, kioo na taa ya kupigia picha vyote vinadai umeme kwa mpigo mmoja, volti zinaporomoka ndani ya kufumba na kufumbua, na simu inajizima kujilinda. Zile asilimia 30 hazikuwa uongo. Maji yalikuwamo, shingo ndiyo iliyokataa.

Jambo hilihili ndilo lililozua lile sakata kubwa la Desemba 2017, Apple ilipokiri kwamba kupitia masasisho ya mfumo ilikuwa inapunguza kasi ya prosesa kwenye iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisijizime ghafla. Baada ya makelele ikashusha sana bei ya kubadilisha betri kwa mwaka mzima wa 2018, na Machi ya mwaka huo toleo la iOS 11.3 likaja na ukurasa wa kuonyesha afya ya betri. Mwaka 2020 ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi nchini Marekani. Mimi mbinu yenyewe naielewa. Simu inayokwenda polepole ni afadhali kuliko inayokuzimikia ukiwa katikati ya simu ya dharura. Kilichoniuma ni ule ukimya. Mtu aliyeona simu yake imekuwa nzito alikosa namna ya kujua kwamba betri mpya ingemrudishia kasi yake. Alichoona ni simu nzee, basi akanunua mpya. Ni wangapi walifanya hivyo hatutajua, ila ukurasa ule wa afya ya betri, ambao leo unapatikana kwenye simu nyingi za aina mbalimbali, nauhesabu kuwa moja ya mambo mazuri yaliyopata kutokea kwa mwenye simu. Kama hujawahi kuufungua, uufungue leo kabla ya kulalamikia kitu kingine chochote.

Sasa tuingie ndani ya betri yenyewe, maana ushauri wote unaofuata unatokana na kinachotendeka humo. Betri za simu ni za lithiamu-ayoni. Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi iliyozizaa. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97, mkubwa kuliko yeyote aliyewahi kuipokea Nobel. Upande mmoja wa betri kuna grafiti, upande wa pili kuna oksidi ya metali, mara nyingi yenye kobalti, na katikati kuna kimiminika ambacho ayoni za lithiamu husafiri ndani yake. Ukichaji, ayoni zinasukumwa kwenda kujipanga kwenye grafiti. Ukitumia simu, zinarudi zilikotoka. Safari hiyo ya kwenda na kurudi ndiyo mzunguko mmoja wa chaji.

Katika safari hizo, baadhi ya lithiamu inanaswa. Juu ya grafiti hujengeka utando mwembamba sana tangu siku betri inapochajiwa mara ya kwanza kiwandani. Utando huo ni wa lazima, bila huo kimiminika kingeendelea kuliwa na grafiti. Tatizo ni kwamba hauachi kunenepa, na kila unaponenepa unameza lithiamu ambayo haitasafiri tena. Hakuna programu ya kuurudisha nyuma, wala kuiweka betri kwenye friji, wala kuiacha ikauke kabisa chaji halafu uijaze. Kilichokwenda kimekwenda. Tunachoweza ni kupunguza kasi, na vitu vinavyoongeza kasi kuliko vyote ni viwili: joto, na betri kukaa ikiwa imejaa.

Hapa namkumbuka mjomba. Nilipopata simu yangu ya kwanza alinikalisha chini akaniambia, "Mpwa wangu, usiiguse mpaka ichajiwe kwa muda wa saa kumi na mbili kamili, na usiichaji tena mpaka iishe kabisa." Nilimtii kwa miaka mingi, kwenye simu tatu zilizofuata. Mjomba hakunidanganya. Alijifunza kwenye betri za nikeli na kadimi, ambazo kweli zilitaka kuishiwa chaji kabisa mara kwa mara, la sivyo zilikuwa kama zinasahau uwezo wake. Betri za lithiamu zilipochukua nafasi zikakuta ushauri umeshakaa vichwani mwetu, nao ukaendelea kurithishwa. Kwa betri ya leo, kuishusha hadi simu inajizima kila siku ni kuitesa. Inapendelea kuchajiwa kidogo kidogo, wakati wowote, bila kusubiri iishe. Na ukinunua simu mpya, iwashe uitumie.

Kuna sababu moja tu ya kuiacha chaji ishuke mpaka chini kisha uijaze mpaka juu, na ni pale asilimia zinapoanza kurukaruka, mathalani kutoka 38 hadi 22 kwa dakika moja. Simu hukadiria chaji iliyobaki, na makadirio yanaweza kupotea njia. Mzunguko mmoja kamili humsaidia mkadiriaji ajipange upya. Betri yenyewe haiponi kwa hilo.

Turudi kwenye joto, maana nikiruhusiwa kusema neno moja tu kuhusu betri, litakuwa hilo. Apple hushauri simu zake zitumike kwenye mazingira ya kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi, na watengenezaji wengine hawako mbali na hapo. Kuna makadirio yanayotumiwa sana na watu wa betri ambayo yalinishtua nilipoyasoma. Betri ikihifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 ikiwa na chaji ya asilimia 40, inabaki na takribani asilimia 96 ya uwezo wake. Ikihifadhiwa kwenye nyuzi hizohizo lakini imejaa, inabaki na kama 80. Ikijaa na joto likafika nyuzi 40, mwaka ukiisha inabaki na kama 65. Hapo hakuna aliyeigusa. Imekaa tu. Tarakimu hubadilika kutegemea aina ya betri, ila mwelekeo wake ni mmoja, na unaonyesha kwamba joto na kujaa vikikutana, kila kimoja kinakipa nguvu kingine.

Nikawaza jinsi nilivyoitendea betri yangu ya kwanza. Kwa miaka miwili simu yangu ilikaa kwenye kishikio juu ya dashibodi ya gari, jua likiipiga kupitia kioo, ramani ikiwa wazi, mwangaza uko juu kabisa, na waya wa chaja umechomekwa muda wote ili isipungue 100. Sidhani kama mtu anayetaka kuiua betri kwa makusudi angepata njia bora zaidi. Usiku nikawa nailaza chini ya mto ikichaji, haina pa kutolea joto. Siku hizi kishikio kiko mbele ya tundu la hewa baridi, na usiku simu inalala juu ya meza tupu. Nikihisi imepata moto wakati inachaji, naitoa kava. Nikitaka kurekodi video ndefu au kucheza gemu, nauchomoa waya kwanza, maana kuchaji kunazalisha joto na prosesa nayo inazalisha lake. Chaja zisizo na waya nazitumia mara chache kwa sababu hiyohiyo. Sehemu ya umeme wake hupotea njiani na kugeuka joto, tena palepale mgongoni pa simu. Na simu iliyopata moto sana isitiwe kwenye friji. Izime, itoe kava, iweke kivulini, ipoe yenyewe. Kuipoza kwa ghafla kunaweza kuleta unyevu ndani.

Baridi kali nayo ina ubaya wake, lakini ni wa namna nyingine. Kwenye baridi simu inaishiwa haraka, kisha ikipata joto inarudi kama kawaida. Cha kuepuka ni kuichaji ikiwa chini ya nyuzi 0, kwa kuwa lithiamu hushindwa kuingia kwenye grafiti ikaganda juu yake kama metali.

Kuhusu kujaa. Utasikia sana habari ya asilimia 80, na ina msingi. Betri inapokaribia kujaa volti zake hupanda, seli nyingi za leo hufika volti 4.4 hivi, na huko juu kemikali za ndani zinahangaika zaidi. Ndiyo maana simu nyingi mpya zina mpangilio wa kuizuia chaji isivuke 80, au wa kusimama 80 usiku kucha kisha kumalizia karibu na saa unayoamka. Apple waliuleta huu wa pili mwaka 2019, na ule wa kuzuia moja kwa moja ukaja na iPhone 15 mwaka 2023. Kama simu yako inao, uwashe. Yangu ni ya zamani mno, kwa hiyo nautoa waya mwenyewe nikikumbuka, na nisipokumbuka siumii moyo.

Hilo la kutoumia moyo nalimaanisha. Kuna kipindi niliitumikia betri badala ya yenyewe kunitumikia. Nilikuwa naamka usiku kuchomoa waya. Nilitoka nyumbani na asilimia 60 siku ya safari ndefu kwa sababu niliogopa kufika 100, nikaishiwa chaji mahali ambapo nilihitaji kupiga simu kweli. Betri ni kwa ajili ya siku kama ile. Siku ya safari naijaza hadi juu bila wasiwasi, naondoka, inaanza kushuka mara moja. Kinachoichosha ni ile kukaa imejaa kwa muda wa saa nane, kumi, siku baada ya siku, hasa ikiwa na joto. Na hofu kwamba chaja itaendelea kuijaza mpaka ipasuke haina msingi kwenye simu nzima yenye chaja nzuri. Ikijaa, simu inakata umeme yenyewe.

Mizunguko ya chaji nayo huhesabiwa tofauti na wengi wanavyodhani. Kuchomeka waya mara tano kwa siku hakufanyi mizunguko mitano. Ukitumia asilimia 50 leo na 50 kesho, huo ni mzunguko mmoja. Apple wanasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zilikusudiwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15 mizunguko 1,000. Kwenye Umoja wa Ulaya, tangu Juni 20, 2025, simu mpya inayoingizwa sokoni lazima betri yake ihimili angalau mizunguko 800 ikiwa bado na asilimia 80. Ukiyafanyia hesabu haya, unaona kwamba kila unachofanya kupunguza ulaji wa chaji kinaongeza umri wa betri pia. Kioo ndicho mlaji wa wazi. Mlaji asiyeonekana ni mtandao dhaifu, kwani simu iliyo mbali na mnara inapaza sauti yake ya redio kwa nguvu zote, saa zote, hata ikiwa mfukoni. Mahali pasipo na mtandao kabisa naiweka kwenye hali ya ndege, na tofauti naiona jioni. Ile tabia ya kufagia programu zote kila dakika niliiacha. Mfumo wa simu unazilaza wenyewe zisizotumika, na kuziamsha upya kutoka mwanzo kunagharimu zaidi.

Chaji ya haraka inaogopwa kuliko inavyostahili. Chaja na simu huongea kwanza, zikakubaliana volti na ampea, kisha umeme mwingi unaingia betri ikiwa chini na kupunguzwa kadiri inavyojaa. Ndiyo maana nusu ya kwanza huingia upesi na asilimia 20 za mwisho hukokota. Ikiwa simu haipati moto, sioni cha kuhofia. Mimi naogopa zaidi chaja duni. Nilikuwa na moja ambayo nikiichomeka, kioo kinaanza kujibonyeza chenyewe, kinafungua hiki na kufuta kile. Nikadhani kioo kimekufa. Fundi alinipa chaja yake nijaribu, kioo kikatulia. Umeme wa chaja yangu ulikuwa mchafu kiasi cha kukichanganya kioo.

Fundi huyohuyo ndiye aliyeniokoa na jambo dogo ambalo nadhani limepeleka simu nyingi kaburini. Simu ilikuwa haichaji mpaka waya ukae kwa pembe fulani, nauegemeza kwenye kitabu, ukigusa meza unakata. Nilikwenda nikijua tundu la chaji limeharibika. Akaizima, akachukua kijiti cha mbao chenye ncha, akachokonoa taratibu, akatoa donge la nyuzinyuzi na vumbi la mfukoni lililoshindiliwa chini kabisa, gumu kama kigae. Kila nilipochomeka waya kwa miaka miwili nilikuwa nalishindilia. Waya ukaingia ukalia "ka!" kama siku ya kwanza. Hakunitoza kitu. Ukitaka kufanya mwenyewe, tumia mbao au plastiki, usitumie sindano wala pini, na kama tundu ni la USB-C kumbuka katikati kuna ulimi mwembamba unaovunjika. Zunguka pembeni yake.

Kava na protekta sina la kuongeza, viwepo tu. Ila kuhusu maji nina neno. Simu inayotajwa kuwa IP68, yaani yenye alama ya kustahimili vumbi na maji, ilipimwa ikiwa mpya. Kinachozuia maji ni gundi na mipira myembamba kwenye kingo, na vyote huchoka kwa joto, kwa kuanguka na kwa miaka. Simu ya mwaka wa tano ichukulie kwamba inalowa, na iliyofunguliwa na fundi zaidi, hata kama ameifunga kwa gundi mpya.

Memori ya ndani pia ina umri. Ikijaa mpaka ukingoni, mfumo unakosa nafasi ya kupangia mambo yake na simu nzima inakuwa nzito, halafu lawama zinaiendea betri au prosesa. Niliondoa picha za miaka minne nikazihifadhi mahali pawili tofauti, simu ikapumua.

Siku ya kubadilisha betri ikifika, na kwangu ni pale afya yake inaposhuka chini ya asilimia 80 au simu inapoanza kujizima, tafuta betri ya mtengenezaji mwenyewe au ya chapa inayoaminika na watu wanaofanya kazi hiyo kila siku. Uliza ilitengenezwa lini. Betri inazeeka hata ikiwa kwenye boksi, na iliyokaa ghalani miaka minne si mpya. Baadhi ya simu zitakuonyesha ujumbe kwamba betri haitambuliki na kukuficha afya yake, hata kama inafanya kazi vizuri. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya inataka kuanzia Februari 18, 2027 betri za vifaa vinavyobebeka ziwe zinaweza kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, ingawa kuna misamaha kadhaa. Nakumbuka simu ambazo kifuniko cha nyuma ulikifungua kwa ukucha. Kuona sheria inaturudisha karibu na pale kunanipa matumaini.

Dalili moja haisubiri. Ukiona kioo kimeanza kuinuka upande mmoja, au mgongo wa simu umefura na simu inayumba ukiiweka mezani, betri imevimba. Ndani kumejaa gesi. Usiichaji, usiibonyeze irudi, usiitoboe, usiilaze karibu nawe usiku. Izime na uipeleke kwa anayejua, kisha betri ile iende panapokusanywa taka za umeme, isiende jalalani. Samsung ililazimika kuziondoa sokoni Galaxy Note 7 zote mwaka 2016 kwa kasoro za betri zilizowaka moto, na hizo zilikuwa mpya.

Betri ikishapata tiba, kinachobaki kuiua simu ni programu. Hapa bahati yangu imekuwa nzuri. Kampuni iliyotengeneza simu yangu bado inanitumia masasisho ya usalama. Wengi hawakupata hivyo. Simu nyingi zilizouzwa miaka kumi iliyopita ziliachwa baada ya miaka miwili au mitatu, vifaa vyake vikiwa vizima kabisa. Hali imebadilika. Google waliahidi miaka saba ya masasisho kwa Pixel 8 mwaka 2023, Samsung wakafuata na Galaxy S24 Januari 2024, na Fairphone ya Uholanzi imeijenga biashara yake yote juu ya simu inayofunguliwa kwa bisibisi ya kawaida. Nikinunua simu leo, swali la kwanza nitakalouliza ni itasasishwa mpaka mwaka gani, na la pili ni betri yake inatokaje. Kamera nitaiulizia baadaye. Kwa simu iliyoachwa, kuna watu wanaojitolea kuendeleza mifumo mbadala ya kuendeshea simu kama LineageOS, na nimeona simu za zamani sana zikifufuka nayo, ingawa programu za benki mara nyingi hukataa kufanya kazi humo na si kazi ya kujaribu bila kuhifadhi data zako kwanza.

Kuna aliyeniuliza ya nini taabu yote hii, mbona simu mpya zipo. Nilimwambia kuhusu kobalti, ambayo takribani asilimia 70 yake duniani huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sehemu yake na watu wanaoingia mashimoni kwa mikono yao. Nikamwambia kwamba sehemu kubwa ya hewa chafu inayotokana na simu katika uhai wake wote hutoka wakati wa kuitengeneza, kabla hujaiwasha. Umeme wa kuichaji ni kidogo sana ukilinganisha. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ilikadiria tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyorekodiwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mwaka mmoja zaidi wa simu moja ni kitu kidogo mbele ya tani hizo. Najua. Lakini kile kitu cheusi nilichowekewa kiganjani siku ile kilikuwa changu, na nusura kiondoke na simu nzima iliyokuwa haina kosa.

Juzi nilifungua ukurasa wa afya ya betri. Hii ya pili inasoma asilimia 83, baada ya karibu miaka mitatu, na haijawahi kujizima. Dada ameniuliza kama nimeshanunua ya tatu niiweke tayari. Nimemwambia bado, itazeekea kabatini. Nitaitafuta wiki ileile nitakayoihitaji.